Pikapu Iliyogoma Uani kwa Wakwe

Haya. Tangu nirudi, kila nikiingia chumba cha walimu naulizwa swali lile lile: "Mwalimu, kwani Bungoma ni Ulaya? Uliondoka Jumamosi asubuhi, ukarudi Jumatatu jioni?" Kuna aliyesikia tulikamatwa. Kuna aliyesikia nilikataliwa mchana kweupe. Mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye angejua kuhesabu, amesikia nimepewa wake wawili. Nimechoka kusimulia vipande vipande wakati wa chai, kila mtu akinikatiza ili atoe maoni yake kuhusu magari. Kwa hiyo nimeandika. Someni, mpitishiane, kisha mniache nisahihishe vitabu.

Nasimiyu mnamjua, ni nesi hapa mjini, na uhusiano wetu mliujua kabla yangu. Msichokijua ni baba yake. Mzee Wanyonyi alikuwa stesheni masta maisha yake yote, amestaafu, anakaa nje kidogo ya Bungoma, na saa yake haijastaafu. Alituma neno: tuje Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, na wazee wetu, tuseme la kusema, naye atatupa jibu siku hiyo hiyo. Kabla yangu alikuja kijana mwingine kumposa Nasimiyu, akafika wakati wa chakula cha mchana. Mzee alimwambia treni haimsubiri abiria, akafunga mlango. Kwa hiyo nilikuwa naenda kuchukua neno moja tu, ndiyo au hapana, na nilijua nikilikosa sitaliomba mara ya pili.

Eldoret hadi Turbo

Baba yangu alishafariki, kwa hiyo msemaji wangu alikuwa kaka yake mkubwa, Mzee Kimaru wa Sugoi. Analima ngano, anaongea taratibu, na ana pikapu ya kijivu ambayo anaiheshimu kuliko wanawe. Wa tatu alikuwa dada yao, shangazi yangu, ambaye sisi tunamwita Senge. Senge haongei taratibu. Walikuja mjini Ijumaa, wakalala kwangu, na jioni tukaenda duka la Mhindi karibu na soko kununua koti la mkwe. Nyinyi nyote mnajua huwezi kwenda kumwomba mtu binti yake mikono mitupu, na huko kwao baba hupewa koti. Tulichagua jeusi, zito, la sufu, lenye mifuko mikubwa ya kutosha kuku.

Asubuhi saa kumi na mbili Eldoret ilikuwa na baridi yake ya kawaida, ile inayokukumbusha dhambi zako. Senge alikuwa amelificha koti kuukuu la Mzee Kimaru kwa sababu, alisema, hatampeleka kaka yake kwa wakwe akinuka kukamua. Basi Mzee akavaa lile jipya.

"Hilo ni la mkwe!" Senge akapiga kelele.

"Najua. Nalivaa njiani tu, lisipate mikunjo."

"Mikunjo itoke wapi, na limefungwa kwa karatasi?"

"Basi nalipasha moto," akasema Mzee, akawasha gari. Ikawaka mara moja. Naomba mkumbuke hilo: Eldoret, kwenye baridi, ikawaka mara moja.

Sasa, Mzee Kimaru ana desturi moja. Kila akisimamisha gari, iwe sokoni, kanisani au hata uani kwake mwenyewe, hushuka, akafungua boneti, akainama akiwapa watu mgongo, akafanya kitu kwa nusu dakika, akafunga; na kabla ya kuondoka hurudia hivyo hivyo. Ukimuuliza anakwambia, "Napumzisha injini." Nimekua nikimwona akiipumzisha hiyo injini. Nilidhani ndivyo magari yanavyofugwa. Mimi nafundisha jiografia, mnisamehe.

Turbo tukasimama kunywa chai. Mzee akapumzisha injini, tukaingia hotelini, tukakaa chini ya picha ya Rais kama raia wema, tukala mandazi. Tuliporudi, Mzee akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ng'we-ng'we-ng'we, haikushika. Akarudia. Ng'we-ng'we-ng'we.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba Kenya haina uhaba wa mafundi, ina uhaba wa magari mabovu ya kuwatosha. Turnboi wa lori akaja akasema ni petroli imeingia maji. Mwalimu mstaafu akasema ni betri. Mama wa ndizi, ambaye hakuulizwa, akasema hiyo ni ishara, turudi tulikotoka. Dakika arobaini zikaisha hivyo, na mimi nikiangalia saa nikaona Mzee Wanyonyi akifunga mlango polepole.

Ghafla Mzee Kimaru akajigonga paji la uso. "Mwalimu, enda ununue ndizi. Senge, angalia kibuyu chako cha maziwa huko nyuma kisimwagike." Nilinunua ndizi. Niliporudi injini ilikuwa inanguruma.

"Ilikuwa nini?" nikauliza.

"Hewa," akasema.

Nikaamini. Mtu mzima, na cheti cha ualimu.

Turbo hadi Bungoma

Kabla ya Webuye kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari alitaka vitambulisho, na pembeni yake kijana wa chama akataka kadi za chama. Mzee Kimaru akatoa kadi mbili, yake na ya marehemu baba yangu, ambaye bado ni mwanachama mwaminifu. Kisha askari akaona kibuyu cha Senge.

"Hii ni nini?"

"Mursik. Maziwa ya wakwe."

Akachungulia ndani, akaona ule unga wa mkaa tunaousugua kibuyuni kutia ladha. "Maziwa gani iko na jivu?"

"Onja," akasema Senge.

Akaonja. Akaonja tena ili awe na uhakika. Kwa ajili ya usalama wa taifa akalazimika kuonja kikombe kizima, na kijana wa chama naye akathibitisha. Senge aliwatazama akihesabu kila funda, na tulipoondoka alisema maneno ambayo sitayaandika kwa sababu daftari hili linaweza kuokotwa.

Webuye tukaipita tumeziba pua kwa harufu ya kiwanda cha karatasi, kama kila mtu anavyoipita. Tulifika kwa Mzee Wanyonyi saa nne na dakika thelathini na tano. Najua kwa sababu alikuwa amesimama langoni na saa mkononi, mrefu, mkavu, amechomekea shati.

"Saa nne na dakika thelathini na tano," akatutangazia. Akatuacha hapo tukiiva kwa aibu. Halafu akasema, "Lakini hata treni ya barua huwa inachelewa. Mulembe. Karibuni."

Mzee Kimaru akaegesha, akapumzisha injini, akavua koti haraka, na Senge akalikunja na kulifunga kwa karatasi yake. Nusu dakika. Kama ningeangalia mikono yake badala ya kuangalia dirisha la jikoni kumtafuta Nasimiyu, nisingekuwa naandika haya.

Jumamosi: kuku, koti na kimya

Kazi yangu kwenye mazungumzo ilikuwa kunyamaza. Bwana harusi mtarajiwa hana mdomo. Nilikaa kwenye stuli ya chini huku wazee wakizungumza juu ya kichwa changu kana kwamba ni mimi ninayeuzwa.

Mambo yalienda vizuri kwa dakika kumi hivi. Halafu chai ikaja, na ilikuwa ya rangi. Nyeusi tititi. Mnajua chai ya rangi ni nini kwa watu wetu. Ni chai ya msiba, au ya mtu unayetaka aondoke. Senge alikitazama kikombe chake, akatazama nje kupitia mlango. Huko kulikuwa na zizi kubwa, lina mavi mabichi ya ng'ombe, lina kufuli jipya linalong'aa langoni, na ndani hamna hata ndama.

"Wanafungia nini?" akaninong'oneza kwa Kinandi. "Mavi?"

Nikamkanyaga mguu.

Kisha kuku. Kwa Waluhya mgeni wa heshima huletewa kuku, na firigisi ni ya mzee. Mzee Wanyonyi mwenyewe akaiweka firigisi kwenye sahani ya Mzee Kimaru, nyumba nzima ikitazama. Mzee Kimaru ni mtu wa ng'ombe, kuku kwake ni ndege aliyekosa bidii. Akaitazama firigisi kwa huruma, akamsogezea Senge. Senge akaitupa mdomoni.

Kule jikoni kitu kilianguka. Nafikiri ni mama mkwe. Huko mwanamke kula firigisi ni jambo la kuitiwa kikao, na Senge alikuwa anatafuna taratibu akisema, "Iko sawa, ingawa imekaza."

Mzee Wanyonyi akafunga macho kidogo, akayafungua. "Kila njia na stesheni zake," akasema. Nilimpenda mzee huyo hapo hapo.

Koti ndilo lililotuokoa. Mzee Kimaru alisimama, akasema maneno mazuri, akamvika Mzee Wanyonyi kwa mikono yake. Lilimkaa utadhani alipimwa. Akatembea nalo hadi mlangoni na kurudi. Jua la Bungoma lilikuwa linachoma, jasho likamtiririka, na hakulivua. Akasema jibu atalitoa wakati wa kutusindikiza, na alitabasamu aliposema. Nasimiyu alinichungulia kutoka jikoni, akainua vidole gumba viwili.

Saa kumi tukatoka kuaga. Familia yote imejipanga. Mzee Kimaru akaelekea kwenye boneti, mkono wake wa kulia ukaenda ubavuni, ukapapasa. Ukapapasa tena. Alikuwa amevaa shati tu. Akageuka polepole akamtazama Mzee Wanyonyi, yaani alilitazama koti, na uso wake ukabadilika rangi. Nilidhani ni kuku.

Akaingia ndani ya gari, akazungusha ufunguo. Ng'we-ng'we-ng'we.

"Ni hewa?" nikamuuliza.

"Si hewa," akasema kwa sauti ndogo.

Wakati huo huo Mzee Wanyonyi alitia mkono mfukoni ili aweke saa yake. Nikaona mkono umesimama humo ndani. Tabasamu likaondoka. Akautoa mkono taratibu, akaufuta kwenye suruali.

"Gari limekataa," akasema. "Basi laleni hapa. Na jibu nalo litalala."

Mambo yote mawili yalikataa kwa dakika moja, na mimi, mwanajiografia, sikuona uhusiano.

Jumapili: mafundi wa taifa

Asubuhi Mzee Wanyonyi alienda kanisani bila kutuaga, koti begani, amelishika kwa vidole viwili. Sisi tulibaki na fundi Barasa kutoka sokoni, ambaye kazi yake hasa ni baiskeli na redio, lakini moyo wake ni mpana.

Barasa alitoa plagi moja, akaishikilia kwenye chuma, akamwambia Mzee azungushe. "Moto hakuna," akasema. "Petroli iko, betri iko, moto hakuna. Unapotelea hapa." Akagusa kile kifuniko cheusi zinakotoka nyaya za plagi.

Mzee Kimaru akampiga kofi mkononi. "Hapo usiguse!"

"Mzee, wacha nifungue tu nione."

"Hapo ni sawa. Nimeangalia mwenyewe."

Basi ikawa ni kuzunguka kila mahali isipokuwa hapo. Plagi zikachemshwa kwenye sufuria ile ile ya kuku. Betri ya trekta ya jirani ikaletwa kwa toroli. Barasa akanyonya mpira wa petroli hadi akapata kizunguzungu, akakaa chini ya mgomba akiimba. Kabureta ikafunguliwa, ikapulizwa, ikafungwa, ikabaki skrubu moja, ambayo kila mtu aliikubali kuwa ya ziada. Tukaisukuma ile pikapu mteremkoni hadi mtoni, haikushika, tukaisukuma mlimani kuirudisha. Mzee Kimaru hakusukuma. Alikaa kwenye usukani, ametazama mbele, anatoa jasho kuliko sisi.

Waliotoka ibada ya kwanza wakajiunga. Tukawa watu kama thelathini, kila mmoja na ugonjwa wake anaoujua. Naibu wa chifu akapita na fimbo yake, akasimama.

"Mkutano huu una kibali?"

"Si mkutano, Mzee," nikasema. "Ni gari."

"Watu thelathini wamekusanyika, wanatoa maoni tofauti tofauti. Huo ni mkutano." Kweli nchi yetu imetulea vizuri. Akatutazama mmoja mmoja, akaizunguka pikapu mara mbili. Halafu akainama karibu nami akasema, "Lakini mimi naona ni koili." Akavua koti lake la kazi, akasukuma na sisi.

Karibu saa saba Nasimiyu aliniita nyuma ya jiko. Macho yalikuwa mekundu.

"Umeweka nini kwa koti ya baba?"

"Mimi? Sijaweka kitu!"

"Amepata kitu kwa mfuko. Kitu nyeusi, ngumu, iko na kama ulimi ya shaba juu. Mama anasema mmetuletea dawa ya kufunga nyumba, ndiyo baba aseme ndiyo bila kufikiria. Baba ameipeleka kwa mchungaji. Wataichoma leo, halafu atawaambia mwende." Akajifuta na kanga. "Niambie ukweli. Mimi sitaki kuolewa na dawa."

Nilimwapia kwa jina la marehemu baba yangu kwamba sijui lolote, na ukweli ndio huo, sikujua. Lakini nilipotamka "ulimi wa shaba" kimoyomoyo mara ya pili, niliona mkono wa Mzee Kimaru ukipapasa shati.

Nilimkuta ndani ya gari. Senge nikaenda naye.

"Mzee," nikasema, "kuna kitu cheusi chenye ulimi wa shaba. Ni nini?"

Senge akafungua mlango wa gari. "Kimaru!"

"Ni rota," akasema.

Sasa nyinyi wenzangu msiojua magari, niwaeleze kama nilivyoelezwa. Chini ya kile kifuniko kuna kidude kinachozunguka na kugawa moto kwa plagi zote. Ndicho rota. Kinatoka kwa mkono, kinaingia mfukoni. Bila hicho hata mwizi aje na funguo kumi, gari haliendi. Huko ndiko kupumzisha injini. Miaka yote hiyo mzee wangu alikuwa anaing'oa gari moyo wake kila anaposimama, hata mbele ya kanisa la Mungu. Turbo alisahau tu kuirudisha, kwa sababu ilikuwa kwenye mfuko wa koti jipya, si ule aliouzoea.

"Tangu jana ulijua?" nikamuuliza. "Plagi zimechemshwa! Barasa amekunywa petroli! Kwa nini husemi?"

"Niseme nini?" Aliushika usukani kwa mikono miwili. "Nikisema iko kwa mfuko yake, ataniuliza ilitokaje kwa gari. Nitamwambia nini? Kwamba nilifika kwake kuomba mtoto, na kitu ya kwanza nikafanya ni kuficha gari isiibiwe? Niliambiwa watu wa huku wanafungua gari hata ikitembea. Unataka nimwambie hivyo? Mkwe?"

Ndiyo hapo. Akisema, amemwita mkwe mwizi. Asiposema, sisi ni wachawi. Hata Senge alikosa la kusema, jambo ambalo halijawahi kutokea Uasin Gishu nzima.

Mara tukasikia wimbo. Mchungaji anaingia langoni, Mzee Wanyonyi kando yake, nyuma yao waumini. Mchungaji amebeba leso nyeupe mbele yake, amenyoosha mikono. Nyuma ya jiko moto wa magunzi ulishawashwa.

"Enda useme," Senge akamwambia kaka yake. "Ama nitasema mimi, na unajua mimi nikisema."

Mzee Kimaru alishuka. Sijawahi kumwona akitembea polepole namna ile. Mchungaji alikuwa ameinua leso juu ya moto.

"Mchungaji, ngoja. Hiyo kitu ni yangu."

Waumini wakarudi nyuma hatua tatu. Mama mkwe akapiga yowe. Nilitamani ardhi ipasuke, na kama mwalimu wa jiografia najua hapo haina kawaida ya kupasuka.

"Si dawa," akasema Mzee. "Ni ya gari."

Barasa, ambaye petroli ilikuwa imeanza kumtoka kichwani, akaruka akaifungua leso. "Rota!" akalia. "Si nilisema? Nilisema hapa! Hapa ndipo nilisema!" Akakimbia, akainua kifuniko, akaipachika, akazungusha ufunguo. Ile pikapu ikawaka mara moja, bila kukohoa, kwa furaha isiyo na aibu. Hakuna aliyeshangilia. Barasa akaona nyuso, akaizima.

Mzee Wanyonyi bado alikuwa na koti begani. "Kwa hiyo ilitoka kwa gari, ikaingia kwa koti. Nani aliitoa?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Nilipofika kwako."

"Kwa nini?"

Mzee Kimaru alitazama chini, kisha akainua macho. "Niliogopa gari itaibiwa."

"Hapa kwangu."

"Hapa kwako. Nisamehe. Ni ujinga ya kuambiwa na watu. Lakini kijana hakujua. Ukinikatalia mimi, usimkatalie yeye."

Nasimiyu alikuwa mlangoni mwa jiko, ameuma pindo la kanga. Nilimwangalia nikajua hii ndiyo mara ya mwisho kumwangalia kama wangu, na sioni haya kuwaambia machozi yalinitoka.

Mzee Wanyonyi akatoa saa, akaitazama muda mrefu. Akairudisha.

"Tangu jana mmekunywa chai ya rangi vikombe vingapi?"

Senge akasema, "Mimi sita. Nilikuwa nahesabu."

"Sita. Unajua kwa nini haina maziwa?" Akaonyesha zizi kwa kidole. "Ng'ombe wangu wote wako kwa ndugu yangu, ng'ambo ya mto, tangu Ijumaa jioni. Niliambiwa watu wa huko juu wakija kwako kwa ajili ya msichana, ukiamka utahesabu ng'ombe. Nikanunua kufuli. Halafu nikaona hata kufuli haitoshi, nikawahamisha."

Naibu wa chifu akakohoa. Halafu Senge, Mungu amweke, akaitazama ile pikapu yetu ndogo.

"Sasa Mzee, hiyo ng'ombe yote tungepakia wapi? Kwa rota?"

Aliyeanza kucheka ni mama mkwe, mle jikoni. Kisha mchungaji. Kisha Mzee Kimaru akakaa chini, pale pale kwenye majani, akacheka huku anajifuta macho, na Mzee Wanyonyi akashikilia mti asianguke.

"Nasimiyu!" akaita alipoweza. "Mwambie baba yako mdogo alete ng'ombe nyumbani. Wageni wanywe chai." Akanigeukia mimi, mara ya kwanza tangu nifike. "Na wewe kijana, jibu ni ndiyo. Limechelewa, lakini nyinyi ndio mlianza kuchelewa."

Jioni ng'ombe waliingia mmoja mmoja, na Senge akawasifu kwa majina aliyowapa yeye mwenyewe. Lango la zizi halikufungwa kwa kufuli usiku huo.

Jumatatu: kurudi

Hatukuondoka hadi mchana kwa sababu waumini wote walitaka kuona ile rota. Kulikuwa na manyunyu, na Mzee Kimaru hakuwa na koti. Mzee Wanyonyi akaingia ndani, akarudi na koti lake kuukuu la reli, la bluu, vifungo vya shaba, akamvika yeye mwenyewe. Alisimama langoni na bendera yake ya kijani, ile ya kuruhusu treni, hadi tukapotea.

Turbo tukasimama kwenye hoteli ile ile. Mzee Kimaru alishuka, akaenda mbele ya gari, akaweka mkono kwenye boneti. Senge akakohoa. Mzee akauondoa mkono, akaingia, akachagua meza ya dirishani, akakaa akiikodolea macho pikapu yake. Chai ikaja. Ikashika utando.

Baridi ya huku kwetu ilikuwa imeanza, akatia mikono mifukoni. Mmoja ukasimama humo ndani, kama ulivyosimama wa mkwe wake Jumamosi. Kisha akatoa kitu akakiweka mezani, kati ya vikombe. Ulikuwa ufunguo mdogo, mpya, wa kufuli la zizi.

"Amesahau," nikasema.

"Yule mtu na saa yake?" akasema Senge. "Yule hasahau kitu."

Mzee Kimaru aliutazama ule ufunguo muda mrefu. Akaufunga kwenye leso, akaurudisha mfukoni, akageuza kiti chake. Akakaa akilipa gari mgongo, akanywa chai yake yote ikiwa imepoa, na akaagiza nyingine.